Kumtolea ndugu figo: ruhusa ipo, ila ridhaa yako ipimwe kwanza

Assalaam alaykum. Ndugu muulizaji anataka kujua kama inafaa amtolee kaka yake figo, ilhali mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu na ami yake amemwonya kwamba atafufuliwa akiwa na upungufu. Mimi nilimtolea mdogo wangu, na nilianza na hofu hiyo hiyo.

La ufufuo lisikusumbue: Sura Yasin, aya ya 79, inatosha, kwamba aliyeiumba mifupa mara ya kwanza ndiye atakayeihuisha. Kuhusu hukumu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi, yaani la wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha Februari 1988, liliharamisha mtu aliye hai kutoa kiungo ambacho uhai wake unakitegemea, kama moyo, au ambacho kikiondolewa kazi ya msingi ya mwili hukoma, kama konea za macho yote mawili. Figo moja haimo humo, maana inayobaki huendelea kufanya kazi. Wapo waliokataa, akiwemo Mufti Muhammad Shafi wa Pakistani, na hoja yao ya amana si ya kubezwa, ingawa mimi sikuifuata.

Kilichonichukua muda ni ridhaa. Sheikh wa msikiti wetu aliwaomba wazee watoke nje, kisha akaniuliza, "Ukikataa, nani atakununia?" Nilicheka, halafu nikamtajia majina, na orodha haikuwa fupi. Akasema kwamba kukubali kwa kuogopa lawama hakujawa kujitolea, akaenda mwenyewe kuzungumza na mama, nami nikaachwa nitafakari bila mtu kunigusia jambo hilo. Hospitalini nako daktari aliniona peke yangu na kuniahidi kwamba, nikibadili nia hata siku ya upasuaji, familia ingeambiwa tu kuwa sikupitishwa kuchangia, maneno ambayo sheikh aliyaona si uongo.

Kuuza kiungo ni haramu, hilo halina mjadala kwa Baraza. Zawadi ya shukrani kutoka kwa mpokeaji ndiyo waliyoiacha kwenye ijtihadi, yaani wanazuoni waipime kwa hoja. Mdogo wangu alinilipia mshahara nilioukosa nilipokuwa napumzika, na sheikh aliihesabu kuwa fidia ya hasara, si bei ya figo.

Basi kabla ya vipimo vya ulinganifu, mwombe daktari akuone bila kaka yako wala ami yako chumbani, na umuulize pia kuhusu funga ya Ramadhani baada ya upasuaji.