Mdogo wako anaenda Japani? Haya niliyaona kwa miezi mitatu Yokohama

Mleta mada, umesema mdogo wako wa kike amepata mafunzo ya miezi miwili Japani, hajawahi kutoka nje ya nchi, na kinachomkosesha usingizi ni hofu ya kuaibika mbele ya wenyeji. Namwelewa kabisa. Mimi nilitoka Tanga nikakaa Yokohama miezi mitatu, pia kwa mafunzo, na hofu hiyo nilipanda nayo ndege. Nitaandika kwa urefu kidogo kwa sababu natamani aende akiwa ametulia.

Alishike hili kuliko yote: Mjapani hatamkosoa. Kwetu ukikosea, mama wa jirani atakwambia hapo hapo, "Hapana mwanangu, hivyo sivyo." Kule watanyamaza, na unaweza kukosea wiki nzima huku kila mtu anakuinamia kwa heshima. Kwa hiyo akiingia mahali papya asimame kidogo, atazame wenzake wanafanyaje, ndipo naye afanye.

Wiki yangu ya kwanza nilikuwa kwenye treni jioni, mke wangu akapiga simu. Nikapokea, nikaongea kama tunavyoongea siku zote: mtoto amekula? Homa imeshuka? Behewa limejaa watu wanaotoka kazini, hakuna hata mmoja aliyegeuka. Mzee aliyekaa pembeni yangu akafunga kitabu chake taratibu, akainuka, akaenda kusimama mlangoni. Nilidhani anashuka. Vikapita vituo vitatu, bado kasimama pale. Kesho yake mwalimu wetu, kwa kuzunguka sana, akatueleza kwamba ndani ya treni simu haipokelewi. Unaizima sauti, na kama jambo ni la dharura unashuka kituo kinachofuata ndipo unapiga. Hadi leo namkumbuka yule mzee. Kuzungumza na mwenzako kwa sauti ya chini hakuna ubaya.

Tukiwa bado kwenye treni: anunue kadi ya Suica au Pasmo, aweke pesa, awe anaigusisha getini akiingia na akitoka. Kadi hiyo hiyo inalipia maji na mkate kwenye maduka mengi. Treni hazikeshi, za mwisho huondoka karibu na saa sita usiku. Saa za msongamano baadhi ya njia zina behewa la wanawake peke yao, limeandikwa wazi kwenye sakafu ya jukwaa, na alitumie bila wasiwasi. Kwenye ngazi za umeme za Tokyo na Yokohama watu husimama kushoto, ila akifika Osaka atakuta wanasimama kulia.

Suala la viatu, mtu wa pwani hafundishwi. Lakini kule lina hatua zake. Unavulia pale chini mlangoni, unapanda ndani, kisha unavigeuza viatu vitazame nje. Utapewa ndala za ndani. Ukifika kwenye chumba chenye mikeka ya tatami, ndala nazo unaziacha nje. Chooni kuna ndala nyingine za huko tu, asisahau kuzivua anapotoka. Na abebe soksi nzima, maana zitaonekana kila siku.

Mezani ndiko nilikoguswa zaidi. Familia moja ilinialika chakula cha jioni. Nikiwa katikati ya maongezi nikachomeka vijiti vyangu wima kwenye bakuli la wali, nipate kushika glasi. Mama mwenye nyumba akanyoosha mkono polepole, akavitoa, akavilaza kwenye kile kipande kidogo cha kuwekea vijiti, akaendelea kunitilia chai bila neno. Baadaye nikajua: wali wenye vijiti vilivyosimama ni wa kuwekewa maiti. Vilevile usimpokeze mtu chakula kijiti kwa kijiti, kwa sababu ndivyo wanavyookota mifupa baada ya kuchoma mwili wa marehemu. Mwambie mdogo wako mambo haya mawili kabla ya yote ya mezani. Yaliyobaki atajifunza huko huko.

Kama ni Mwislamu kama mimi, asidanganywe na macho. Supu ya tambi inaweza isiwe na nyama juu na bado imechemshwa kwa mifupa ya nguruwe, na vitoweo vingi hutiwa mirin, ambayo ni pombe ya mchele. Tokyo kuna msikiti mkubwa, Tokyo Camii, karibu na kituo cha Yoyogi-Uehara, na hapo hapo kuna duka la vyakula halali. Habari njema ni vyoo: vingi vina maji ya kujisafishia, unabonyeza tu.

Bakshishi hakuna, si hotelini wala kwenye teksi. Dukani pesa haziwekwi mkononi mwa muuzaji, kuna kisahani mbele yake. Mapipa ya taka barabarani ni machache, mengi yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sarin kwenye treni za Tokyo mwaka 1995, kwa hiyo atembee na mfuko wake wa plastiki. Pasipoti asiiache chumbani, sheria inamtaka awe nayo. Polisi ni 110, gari la wagonjwa na zimamoto ni 119.

Kabla hajafunga begi: asibebe nyama ya aina yoyote, hata iliyokaushwa, wala maembe ya nyumbani. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini nyingi na za kikohozi zenye kodeini zinaweza kumletea matatizo makubwa uwanjani, aulize ubalozi wao mapema. Umeme wao ni volti 100 na soketi ni za pini mbili bapa. Chaja ya simu itafanya kazi akipata adapta, lakini pasi ya nyumbani aiache.

Zawadi ndogo ni muhimu sana kule. Abebe kahawa yetu. Wajapani wanaijua kwa jina la Kilimanjaro, na nilipoitaja tu sura za watu zilifunguka. Aitoe kwa mikono miwili, na asisikitike ikiwekwa pembeni bila kufunguliwa, wengi husubiri mgeni aondoke. Ila asimpe mtu paketi nne. Nne kwa Kijapani inatamkwa "shi", sawa na neno la kifo. Ampe tatu, au tano.