Niangalie ripoti ya CRB lini kabla ya kuomba mkopo?

SWALI: Habari za kazi, mshauri. Nauza mitumba hapa Kongowea, Mombasa. Mwezi wa kumi nataka kuomba benki shilingi 300,000 niongeze mzigo kabla ya Krismasi. Miaka miwili nyuma nilichelewa kulipa mkopo wa simu, baadaye nikaumaliza. Sasa ni mwezi wa saba. Niangalie ripoti yangu ya CRB (ofisi zinazotunza rekodi za ulipaji wa mikopo) mapema, au ningoje wiki ya kupeleka maombi? Nimeambiwa ukijiangalia mara kwa mara alama zinashuka.

JIBU: Dada yangu, itoe ripoti hiyo sasa, au ukichelewa sana mwanzo wa mwezi wa nane. Na hilo la alama kushuka lisikutie hofu: mwenyewe kutazama rekodi yako hakukupunguzii kitu. Mkopeshaji anaweza kutilia shaka mtu aliyeomba mikopo sehemu nyingi kwa muda mfupi, lakini hilo ni jambo jingine.

Nasisitiza mapema kwa sababu kurekebisha kunachukua muda. Kwa kawaida wakopeshaji hupeleka taarifa CRB mara moja kwa mwezi. Ukilipa deni katikati ya Agosti, huenda ripoti ikaonyesha umelipa Septemba. Ukikuta kosa, unalalamika kwa maandishi, CRB inamuuliza mkopeshaji, naye lazima ajibu. Mimi huwaambia wateja watenge miezi miwili. Anayeangalia wiki ya maombi ataona tatizo vizuri kabisa, ila hatakuwa na nafasi ya kulitatua.

Ukiipata, nenda moja kwa moja kwenye mstari wa ule mkopo wa simu. Tazama salio, siku za kuchelewa na hali ya akaunti. Hapa ndipo watu wengi huumia: mtu alilipa deni, akasahau faini iliyokuwa imeongezeka siku za mwisho, salio likabaki shilingi 1,350 na siku zikaendelea kuhesabiwa. Zikipita 90, mkopo huhesabiwa kuwa haulipwi, hata kama kilichobaki hakifiki bei ya viatu vya mtoto. Tangu Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya imezuia watu kuorodheshwa vibaya kwa deni lisilofika shilingi 1,000, lakini juu ya hapo hakuna huruma. Ukikuta salio, lipa, kisha dai barua ya kuthibitisha umemaliza. Usikubali kuambiwa "iko sawa" kwa simu tu.

Ujue pia kwamba kulipa hakufuti historia. Rekodi ya kuchelewa hubaki miaka mitano tangu siku uliyomaliza deni. Kwa hiyo mweleze afisa wa mkopo mwenyewe kabla hajaiona, na umwonyeshe barua. Jina kuwa CRB si kosa. Hata malipo yako mazuri yamo humo na yanakutetea.

Ofisi zenye leseni ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Una haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka. Uliza benki yako inatumia ipi, uanze na hiyo, maana si lazima rekodi zilingane kote.

Kama umewahi kumdhamini mtu kwenye sacco, angalia na hilo. Mdhamini hubeba deni la mwenzake pale mwenzake anaposhindwa, na wengi hulijua hilo wakiwa tayari mbele ya dawati la benki.

Mwezi wa kumi ukifika na malalamiko hayajaisha, usianze kuzunguka benki moja baada ya nyingine. Peleka maombi kwa ile uliyochagua, pamoja na barua ya kumaliza deni na nakala ya malalamiko yako yenye muhuri wa kupokelewa, uombe wayazingatie wakati wa kukupima.