Kambi ya Julai, Ormiston Gorge

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini tunakwenda kupiga kambi Ormiston Gorge, korongo lililo katika jangwa la Australia ya kati, mwezi wa Julai, wakati wa baridi kali. Sababu ni kwamba Desemba na Januari joto la huko huweza kupita nyuzi 40, ilhali Julai mchana hupendeza, ingawa usiku hata maji yaliyoachwa kwenye sufuria nje huweza kuganda. Tutaondoka Alice Springs Ijumaa mapema, maana safari ni ya kilomita 135 hivi, na jioni kangaruu hukatiza barabarani. Ninatamani mno kukiona Kilimia, lile kundi la nyota, kikichomoza kabla ya alfajiri juu ya majabali mekundu. Ukija, beba blanketi zito na maji ya kutosha.