Bourgogne kwa baiskeli: dogo, punguza kilomita

Juzi nimepost picha ya baiskeli yangu imeegemea ukuta pale Cluny, mji mdogo wa Bourgogne, mashariki mwa Ufaransa, inbox ikajaa. Wengi salamu na emoji tu, ila kuna kijana mmoja Mtanzania anasoma Ubelgiji kaniandikia hivi: kaka shikamoo (imeniuma kidogo, sijazeeka kiasi hicho), nina siku nne mwezi wa sita, nataka nizunguke Bourgogne kwa baiskeli, nimepiga hesabu nikienda kilomita 120 kila siku namaliza zaidi ya nusu ya mzunguko, naomba unipe njia na uniambie ninunue baiskeli gani.

Marahaba dogo. Mzunguko unaousema upo kweli, ni kama kilomita 800, unafuata mito na mifereji na mashamba ya zabibu, na hesabu yako haina kasoro. Ila kwa siku nne hizo utarudi Ubelgiji na mapaja yamevimba na simu imejaa picha za lami. Naomba unisikilize mimi, chukua kipande kimoja tu, Chalon-sur-Saône mpaka Mâcon kupitia Cluny, ukitaka urudi Chalon kwa njia ya mto. Mzunguko wote huo ni kati ya kilomita 130 na 150. Najua wewe na wengi mnaosoma hapa mnaiota safari ya namna hii na mna miguu, kwa hiyo sipotezi muda kuwaambia kwa nini baiskeli ni nzuri, mnajua.

Naongea hivi kwa sababu kuna watu waliniumiza na bado sijapoa. Hapa Lyon nilikuwa kwenye kikundi cha waendesha baiskeli, sitawataja. Siku moja tulipanda treni mpaka Tournus ili tuvuke milima kwenda upande wa Cluny. Sasa pale Tournus kuna kanisa la Saint-Philibert, la karne ya 11, ukiingia unakutana na nguzo nene za mviringo zimejengwa kwa vijiwe vidogo vidogo rangi inaenda kwenye pinki, hazina pambo hata moja, zinapanda tu juu mpaka shingo inauma. Wenzangu wako nje wanahangaika na saa za mkononi zishike satelaiti. Nikaomba dakika kumi. Jamaa mmoja akanijibu utaliona Google. Nikanyamaza, nikapanda baiskeli, mbele kukawa na mlima wa kwenda Brancion na mimi baiskeli yangu ilikuwa ya mtumba, chuma kizito, wao wana zile unazonyanyua kwa kidole. Nilipofika juu hakuna mtu, kuna meseji tu kwamba wamesonga mbele, tutakutana kwenye treni ya jioni.

Basi nikakaa Brancion peke yangu. Ni kakijiji kako juu ya kilima, kuna ngome ya zamani, kuna soko la kale la paa la mbao, mwishoni kabisa kakanisa kenye michoro ukutani iliyofifia, na ukitoka nje unaliona bonde lote chini. Nikateremka mpaka Chapaize, kanisa la karne ya 11 tena, mnara wake ni mrefu kiasi kwamba unajiuliza kijiji kidogo hivi walitaka kumuonyesha nani, na ndani nguzo zimeinama, kweli zimeinama, unaziangalia unasogea pembeni. Nikanunua jibini la mbuzi, nikala nje na mkate. Ile ndio ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizoendesha baiskeli Ufaransa, na wale jamaa mpaka leo wakipost nawapa like, ila safari ya pamoja sitaki tena. Kwa hiyo ushauri wa kwanza: usisafiri na watu wenye haraka. Ushauri wa pili ni huo huo.

Na nikiwa nasema ukweli niseme wote. Kwa muda mrefu hii kitu niliificha nyumbani. Mimi ni wa Shinyanga, sisi baiskeli tunaijua kama kazi. Kule kuna daladala za baiskeli, unamkalisha abiria kwenye keria unakanyaga juani, marehemu baba alikuwa na Phoenix yake nyeusi aliyobebea kila kitu kuanzia magunia mpaka mimi na dada yangu kwa pamoja, mmoja kwenye keria mmoja kwenye fremu. Kwa hiyo mtu wa kwetu akikuona Ulaya uko juu ya baiskeli na mabegi yananing'inia pembeni, anajua tayari, maisha yamekupiga. Nilipoweka picha ya kwanza status, mjomba akaandika kwenye group la ukoo, mbele ya watu wote: mpwa wangu, wenzio wanaenda Ulaya wanatuma magari, wewe umeenda kupanda baiskeli? Binamu zangu wakajaza vicheko chini. Nikamjibu shikamoo mjomba nikazima data. Mpaka mama ikabidi anipigie pembeni aniulize mwanangu unakula vizuri kweli? Nitafanyaje, nikamwambia nakula mama.

Lakini jamani, tujiulize. Mle njiani nakutana na wazee wa Kijerumani na Kiholanzi wamestaafu, watu wana nyumba na magari mawili, wameacha vyote wanakanyaga pedeli wanafurahi. Sisi nani katudanganya kwamba kujinyanyua kimaisha ni kuacha kutumia miguu? Mtu akipata hela kidogo tu anaacha hata kutembea kwenda dukani, halafu tunashangaa presha na sukari zimetoka wapi. Vijana badilikeni. Haya, turudi njiani.

Treni za mkoa, zile TER, zinapokea baiskeli ilivyo, huifungui wala huifungashi, unaingia nayo. Ukitokea Paris na TGV, treni ya mwendo kasi, habari ni nyingine, angalia masharti ya tiketi mapema. Ukishuka Chalon (mji wa Niépce huo, yule aliyehangaika mpaka akapata picha ya kwanza ya kamera duniani miaka ya 1820) kuna kama kilomita 10 za kufika Givry, hazina maajabu. Kuanzia Givry ndio unaingia kwenye njia yenyewe, Voie Verte, kilomita 44 mpaka Cluny, ilifunguliwa 1997 na ndio ya kwanza ya aina yake Ufaransa. Zamani ilikuwa reli. Wakang'oa mataruma, wakamwaga lami, magari hayaingii. Na hapa ndio utamu ulipo, treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo waliojenga ile reli walishakutafutia njia laini katikati ya vilima zamani sana, wewe unateleza tu, kushoto zabibu kulia zabibu, mara stesheni ya zamani imegeuzwa kitu kingine. Ukipita Buxy na Saint-Gengoux mizabibu inapungua unaanza kuona ng'ombe weupe pee, ndio Charolais wenyewe, hili ni eneo lao la asili. Mtu wa Usukuma hapo lazima asimame. Mimi nilisimama kwenye uzio nikawahesabu kama wa kwangu.

Maji. Beba maji. Mwezi wa saba na wa nane jua la kule sio la mchezo, na usidhani utanunua njiani, vijijini maduka yanafunga saa sita mchana mpaka saa nane au zaidi, Jumapili mchana hakuna kitu, Jumatatu wengi wamepumzika. Ujanja wa waendesha baiskeli wa Ufaransa ni makaburini, karibu kila eneo la makaburi la kijiji lina bomba kwa ajili ya kumwagilia maua, angalia tu kama hakuna kibao cha non potable, yaani maji hayafai kunywa. Mara ya kwanza nilisita, kwetu huwezi kwenda kunywa maji makaburini ukarudi ukawasimulia watu. Kiu ikanifundisha.

Kabla ya Cluny kuna vituo viwili. Cormatin ni kasri la karne ya 17 lenye maji kulizunguka, ndani vyumba vimepakwa dhahabu na rangi ya bluu mpaka dari, vizuri sana ila mimi nilichoka haraka, dhahabu nyingi inachosha. Cha pili Taizé, kipo juu ya kilima, unaiacha njia unapanda kidogo. Wakristo wengi mnaisikia kwa zile nyimbo fupi zinazorudiwarudiwa. Brother Roger, mwanzilishi wao, alifika kijijini hapo 1940 wakati wa vita akawa anawaficha wakimbizi, wakiwemo Wayahudi, na jumuiya yao ya watawa ikaanzia hapo. Walishakuja mpaka kwetu Afrika Mashariki, mkutano wao wa vijana ulifanyika Nairobi 2008 na Kigali 2012. Nilifika wakati wa sala ya mchana nikakaa chini sakafuni na vijana wengi, tunatoka nje nasikia nyuma yangu "weye, leta kile kikombe". Geuka, Wakongo wa Bukavu! Tukakaa kwenye benchi tunapiga Kiswahili mpaka jua likapungua ukali, wananicheka ninavyosema, mimi nawacheka wanavyosema. Kwa kilomita 120 kwa siku hiki kitu ungekipata wapi?

Halafu Cluny. Dogo, Cluny usipite. Abasia, yaani monasteri kubwa ya watawa, ilianzishwa 910, na kanisa lao la tatu, walilolianza 1088, lilikuwa na urefu wa mita 187, kanisa kubwa kuliko yote ya Kikristo mpaka walipojenga upya la Mtakatifu Petro kule Roma. Utaliona? Hulioni. Baada ya mapinduzi ya Ufaransa liliuzwa, 1798, wanunuzi wakalibomoa kidogo kidogo miaka na miaka wakiuza mawe, na barabara ikapitishwa katikati ya pale watu walipokuwa wanasali. Kilichobaki ni kipande cha upande mmoja na mnara wake wa pembe nane. Ukisimama kwenye vitako vya nguzo za mlangoni ukaangalia mpaka kule mnara ulipo, ndio kichwa kinaanza kupiga hesabu: hii yote ilikuwa ndani? Mimi nilitembea umbali wote huo nikisukuma baiskeli, kwa miguu, taratibu. Mtu anayewahi kilomita zake anapiga picha ya mnara anaondoka anasema Cluny hakuna kitu. Nimewasikia kwa masikio yangu wakisema hivyo, nilitamani niwarudishe kwa nguvu.

Lala Cluny. Tafuta malazi yenye kibao cha Accueil Vélo, maana yake wana pa kufungia baiskeli na wamezoea watu wa jasho. Kesho yake kuelekea Mâcon kuna tunnel la zamani la treni, Bois Clair, mita 1,600, lina taa lakini ndani ni friji, toka juani vaa koti kabla hujaingia. Wakati wa baridi linafungwa kwa ajili ya popo, ndio, popo wanalala mle, na wewe unapelekwa juu ya mlima ili usiwaamshe. Ukitoka upande wa pili unateremka ngome ya Berzé-le-Châtel ikikuangalia, halafu mizabibu tena, halafu Mâcon.

Mâcon nenda kando ya mto ukaione sanamu ya Lamartine. Alizaliwa hapo 1790, wengi wanamjua kwa mashairi, mimi namheshimu kwa sababu alikuwa kwenye ile serikali ya muda iliyofuta utumwa kwenye makoloni ya Ufaransa Aprili 1848, na saini yake ipo. Nilimpigia picha nikaituma kwenye group la ukoo na maelezo marefu. Mjomba aliblue-tick tu.

Kurudi Chalon kwa kufuata mto Saône siongezi neno, ni tambarare, nyasi, mto, wavuvi, Tournus katikati. Ukichoka panda treni, hakuna anayekudai.

Sasa swali lako la baiskeli. Usinunue. Chalon na Cluny wanakodisha, chukua yoyote yenye gia zinazofanya kazi, keria na tairi pana kidogo, kagua breki mbele ya mwenye duka, omba pampu na tyubu ya akiba, wakati wa msimu weka oda mapema. Na kama una siku nne kamili basi siku ya tatu rudi nyuma upande Brancion kwa kutokea Cormatin, mlima utakunyoosha lakini hakuna atakayekuacha kwa sababu utakuwa peke yako. Mkate nunua kabla ya saa sita. Maji nimeshasema.