Ukienda kuona mabango ya neoni, usiende saa nne asubuhi

Mimi ni fundi wa kuandika vibao hapa Mtwara mjini. Saluni, bucha, duka la pembejeo, "Leo fedha kesho mkopo", hayo ndiyo maandishi yangu. Kazi nilifundishwa na mjomba wangu wa Mikindani, ambaye yeye alianzia kwenye majina ya mashua. Kwa hiyo dada yangu aliyeolewa Marekani aliponialika Las Vegas na kuniuliza nataka kuona nini, sikutaja kasino. Nilitaja Neon Museum, ule uwanja wanakotunza mabango ya taa ya zamani. Tangu nirudi nimeshaulizwa na watu kadhaa wenye ndugu huko, basi niliandike mara moja.

Kosa langu lilikuwa ubahili. Tiketi ya mchana ilikuwa nafuu kuliko ya jioni, nikachukua ya saa nne asubuhi, mwezi wa Agosti. Sisi wa pwani tunadhani joto tunalijua. Joto letu lina upepo wa bahari. Unalowa jasho, unajiona umechoka, unatafuta dafu. La kule ni la jangwani, linapita nyuzi 40, na jasho linakauka kabla hujaligusa. Unadhani uko salama, kumbe unakauka kama papa wa kuanikwa. Uwanja wenyewe hauna mti, ni kokoto na mabati yanayorudisha jua usoni. Nusu saa tu kichwa kikaanza kunigonga. Halafu nilikuwa na kandambili, katikati ya kutu na vipande vya kioo. Nenda na viatu vya kufunika vidole, na maji yasiyopungua lita moja. Na usiguse bango lolote hata kama mikono inawasha. Mimi iliniwasha sana.

Jioni ya siku ya pili nikalipa tena. Ningekuwa na akili ningelipa mara moja: chukua tiketi ya muda wa jua kuzama, uingie kukiwa na mwanga, utoke gizani. Mchana unaona kazi ya fundi, yaani matundu ilimopita mirija ya kioo ya taa, tabaka za rangi zilizopakwa juu ya nyingine, ribiti, mahali ambapo mtu alikosea akarekebisha. Usiku unaona kwa nini alihangaika.

Ila usitarajie kila kitu kiwake. Yapo mabango zaidi ya 200 pale, na mengi hayajatengenezwa yawake tena. Yanamulikwa tu na taa zilizowekwa chini. Shemeji yangu alilalamika njia nzima kwamba ametoa hela kuangalia skrepa. Mimi yale yaliyokufa ndiyo niliyapenda zaidi. Bango linalowaka linakuambia jina la hoteli, basi. Lililozimika linakuonyesha mbavu.

Mtembezaji wao muulize kuhusu mirija, usiishie kuuliza nani alikuwa mmiliki wa kasino gani. Kila mrija hupindwa kwa mkono juu ya moto, huku fundi akipuliza kwa kimpira kilichoko mdomoni ili kioo kisijifinye kwenye kona. Hewa hutolewa, gesi huingizwa, kisha umeme wa volti hata 15,000 hupitishwa kutoka ncha hadi ncha. Neoni yenyewe, gesi iliyogunduliwa London mwaka 1898, hutoa rangi moja tu, nyekundu ya kuelekea chungwa. Bluu ni gesi ya agoni na zebaki kidogo, na rangi nyingine hupatikana kwa kupaka unga maalumu ndani ya mrija au kutumia kioo cha rangi. Mfaransa Georges Claude ndiye aliyeonyesha taa hizi Paris mwaka 1910. Miaka yote nilikuwa naita "neoni" kila kitu kinachowaka, hata zile kamba za LED za kwenye vibanda vya chipsi.

Simama kwa muda mbele ya bango la hoteli ya Moulin Rouge. Hoteli hiyo ilifunguliwa mwaka 1955, wakati wasanii weusi walikuwa wanatumbuiza kwenye mahoteli makubwa ya mji huo lakini hawaruhusiwi kulala humo. Hiyo ilipokea watu wa rangi zote, ikadumu miezi michache tu ikafungwa. Maandishi yake yalibuniwa na mwanamke, Betty Willis, huyohuyo aliyebuni mwaka 1959 lile bango la kukaribisha wageni mjini ambalo kila mtu anapiga nalo picha. Nilimwangalia yule M kwa muda mrefu. Hukuti pale mstari ulionyooka kwa rula. Ni mwandiko wa mtu.

Jambo lililonikaa kichwani kama fundi ni kwamba mabango mengi ya mji ule hayakuwa mali ya kasino. Kampuni iliyoyatengeneza ilikuwa inayakodisha, na hoteli ikifa bango linarudi kwenye yadi ya kampuni. Ndiyo maana yapo. Sisi tunalipwa siku moja, tena nusu, na duka likibadili mwenyewe kibao kinang'olewa, siku hizi panatundikwa fleksi, yale maturubai ya plastiki yaliyochapishwa.

Nikampelekea mjomba picha Mikindani. Shikamoo, marahaba, akachukua simu, akavuta picha ya Moulin Rouge hadi herufi ikajaa kioo.

"Sasa mjomba," akaniambia (ndivyo tunavyoitana, mkubwa kwa mdogo), "huyu R mkia umemzidi."

Nikamwambia hiyo ni kazi ya mtu mashuhuri. Akasema hata mashuhuri mkono huteleza. Halafu akaninyanyua barazani akanipeleka uani. Mlango wa banda la kuku ni bati alilowahi kuliandika yeye mwenyewe, kibao cha duka la vitambaa lililokuwa karibu na barabara ya kwenda Boma. Nusu ya jina imeliwa na kutu, lakini S imebaki nzima, na kivuli chake cha bluu upande wa kulia. Nikamwomba anipe niende nalo mjini, nitampa bati jipya.

"Hilo limezoeana na kuku," akasema, akafunga komeo.

Nimempiga picha yule S mara kumi na moja. Ijumaa nitakwenda tena, na sukari.