Neno la siri na majibu ya vipimo: lipi likivuja ni baya zaidi?

SWALI: Mwezi huu nimepata habari mbili mbaya. Duka la mtandaoni ninalonunua nguo limeniandikia kwamba barua pepe yangu na neno la siri vimevuja. Kisha kliniki niliyotibiwa ikasema imedukuliwa: majina, tarehe za kuzaliwa, namba za vitambulisho, majibu ya vipimo. Nihangaikie lipi? – Msomaji, Likoni

JIBU: Dada yangu, la duka lina dawa. Badilisha neno la siri leo hii, hapo dukani na kila ulikolirudia, ukianza na barua pepe. Anayeingia kwenye barua pepe yako anaweza kujiombea maneno mapya ya akaunti nyingine zote.

La kliniki ndilo zito. Namba ya kitambulisho huibadilishi, na siri ya ugonjwa ikishatoka imetoka. Tapeli aliye na vitu hivyo wala hahitaji ujuzi wa kompyuta. Anakupigia kwa upole, anajifanya mhudumu wa kampuni ya simu, anakusomea kitambulisho chako tarakimu kwa tarakimu, nawe unalainika. Hapo ndipo anapoomba PIN. Au anahamishia laini yako kwenye kadi yake ya simu, na namba za uthibitisho za benki zinamfikia yeye. Simu ikikosa mtandao ghafla na wenzako kwenye feri wanao, usingoje mfike ng'ambo: azima simu, piga kwa kampuni ya simu na benki. Kama uko Safaricom, *106# itakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Vipimo navyo vina balaa lake. Huko Finland, mwaka 2020, aliyedukua kampuni ya tiba ya kisaikolojia ya Vastaamo aliposhindwa kuichuna kampuni aliwageukia wagonjwa mmoja mmoja: walipe euro 200 kwa bitcoin, sarafu ya mtandaoni, la sivyo waliyomweleza mtaalamu yataanikwa. Ukitumiwa vitisho vya namna hiyo usilipe, kwani nakala anabaki nayo. Hifadhi ujumbe, nenda polisi.

Kliniki nayo usiiachie. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inaitaka imjulishe Kamishna wa Kulinda Data ndani ya saa 72 tangu igundue uvujaji wenye hatari kama huu. Iandikie, iulize hasa nini chako kimechukuliwa. Ikikaa kimya, peleka malalamiko ofisini kwa Kamishna huyo. Jibu la mdomo pale kaunta usilikubali.