Maswali ya Malisho: Fangasi Aliyemo Ndani ya Mbegu

Nachovya mbegu za raigrasi kwenye dawa ya fangasi kabla ya kupanda ili ziote vizuri. Nafanya sawa? (Mfugaji, Nyandarua)

Kila msimu wa mvua swali hili hurudi, na kila mara dawa imeshamwagwa. Si kila fangasi ni ugonjwa. Raigrasi ya kudumu na feskyu ndefu, zote nyasi za malisho, mara nyingi hubeba fangasi wa Epichloë ndani ya mbegu, naye huishi kati ya seli za nyasi bila kuziumiza. Baadhi ya dawa zinazopenya ndani ya mbegu humuua. Muulize aliyekuuzia kama mbegu zina fangasi huyo, na wa aina gani, kabla hujafungua chupa.

Mbegu yenye fangasi huota haraka zaidi?

Majaribio hayakubaliani: mengine yaliona nafuu, mengine hayakuona tofauti. Msaada mkubwa huja baada ya kuota. Kule New Zealand, fangasi wa raigrasi hutoa peramini, kemikali inayomzuia fukusi wa shina mwenye asili ya Argentina, ambaye kiwavi wake hutoboa mche na kuuangusha. Kwa hiyo msiishie kuhesabu machipukizi ya wiki ya kwanza. Rudini shambani kiangazi kikiisha, mhesabu yaliyobaki.

Nafanya kazi kwenye shamba la farasi, Kentucky. Majike yamepitiliza siku za kuzaa na viwele vikavu. Je, ni nyasi?

Kama ni feskyu, inawezekana sana. Yatoeni malishoni leo na mwiteni daktari wa mifugo; mwakani yaondolewe siku 60 hadi 90 kabla ya kuzaa. Aina ya feskyu iitwayo Kentucky 31, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1943, ilipendwa kwa sababu haifi ovyo, na sehemu ya ugumu huo ni kazi ya fangasi. Lakini fangasi huyohuyo hutoa ergovalini, inayokandamiza homoni ya maziwa na kufanya kondo la nyuma liwe nene. Ng'ombe nao huhema kwa joto, na wakati wa baridi wengine hupoteza ncha za mikia, hata kwato.

Watafiti walipomhusisha fangasi na ugonjwa huo mwaka 1977, ikafuata mbegu isiyo naye. Mifugo ikapona, malisho yakafa kwa ukame, wadudu na kulishiwa kupita kiasi. Siku hizi zipo mbegu zenye fangasi waliochaguliwa wasiotoa ergovalini. Mwajiri wako akipanda upya, anunue hizo, na aue feskyu ya zamani kwanza.

Mbegu zimekaa mwaka mzima stoo ya mabati lakini zimeota. Fangasi bado yumo?

Huenda hayumo. Joto na unyevu humuua yeye mapema, mbegu ikiwa bado hai. Maabara huchuna utando wa ala ya jani, huupaka rangi ya buluu, na kwenye hadubini fangasi huonekana kama nyuzi ndefu zilizojipinda kati ya seli. Muuzaji anayeandika asilimia ya kuota pekee amekupa nusu ya habari. Hifadhi mbegu pakavu na penye baridi.

Naweza kumhamisha kwa udongo wa shamba la jirani?

Hapana. Huyu hurithiwa kupitia mbegu ya mmea mama. Wa kwenye mizizi ni wengine kabisa.

Nyasi yangu ya Boma Rhodes haikuota. Ni kwa kukosa fangasi?

Umefukia mbegu kwa kina gani? Zisizidi sentimita 1.